Pua ya Bibi

Pua ya Bibi ilikufa kwa mafua, na Bibi hakumwambia mtu. Mafua yenyewe yalikuwa ya kawaida, yale ya kupiga chafya na kulalamikia upepo, na yalipokwisha nyumba nzima ilimpa pole na kusahau. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hayakuondoka mikono mitupu. Asubuhi moja aliinamia kikombe chake cha chai, akavuta pumzi, akasikia joto tu. Akavuta tena. Joto. Akanywa chai, akasema ni nzuri, na tangu hapo akaanza kuogopa.

Bibi mwingine angesema. Pua ni pua, mtu haolewi kwa pua wala hazikwi kwa pua. Lakini katika nyumba ile pua ya Bibi ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kazi yake ndiyo iliyomlaza pale. Mkamwana wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kasuku kwa sababu ya binti yake asiyefunga mdomo, alikuwa akichuma haradali ya mwituni kando ya reli na kuiuza. Kila jioni alirudi na gunia, akalimwaga juu ya turubai sebuleni. Bibi alikaa chini, miguu ameinyoosha, akachukua fungu mojamoja, akavunja jani, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. "Safi," alisema, na fungu likawekwa kulia. Asiposema kitu, fungu lilikwenda kushoto, na kutoka kushoto lilikwenda jalalani. Hakuna jani lililoingia chunguni au kutoka mlangoni kabla ya kupita chini ya pua ile.

Na haradali ya mwituni si mboga ya kuchezea. Ikishachanua hata mtoto anaijua: ua la njano, petali nne zimekaa msalaba, na chini ya ua vijiganda vyembamba vya mbegu vimesimama wima. Lakini ikishachanua imekwisha kuwa ngumu na chungu, na mbegu zake ndizo za kusaga. Inayoliwa majani ni ile changa, iliyolala chini bado, haijatoa hata kitumba. Sasa ikiwa changa ina mwenzake. Bibi alimwita huyo mwenzake shemeji, kwa sababu, alisema, anafanana na wa nyumbani, anakaa na wa nyumbani, lakini si wa kuachiwa chungu. Wote wawili majani yao yamechanika pembeni, wote wawili wanapenda udongo uliotifuliwa. Haradali ina vinywele vigumu kwenye shina, na ukiisugua inapanda puani mpaka macho yanalengalenga. Shemeji ni laini, shina lake lina wekundu kwa chini, na harufu yake inamfanya mtu ageuze uso. Ng'ombe akimzoea, ini lake linaharibika polepole, na mwenye ng'ombe anabaki kumshuku jirani.

Kwa hiyo Bibi hakusema. Mwanawe, fundi wa kuchomelea, alikuwa na maneno yake ambayo aliyatoa kila mwezi ulipokaribia kuisha, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Mama, huku tumebanana. Kule kwa Dada kuna chumba kizima kinakusubiri. Kina dirisha."

"Nilishakaa kwenye hilo dirisha," Bibi alijibu. "Kuanzia asubuhi mpaka jioni hakuna aliyeniuliza kitu. Hata chumvi hawakuniuliza iko wapi. Nilikaa pale kama sanduku la mgeni."

"Dada anakupenda."

"Ananipenda, sikatai. Na mume wake ananisalimia siku za sikukuu."

Hapo ndipo Mama Kasuku alipoingilia, akiwa hata hajainua kichwa kwenye kazi yake. "Mama akiondoka, nani atanusa?" Na maneno yalikwisha papo hapo, kwa sababu gunia lile lilikuwa linalipa zaidi ya nusu ya kodi, na Fundi alilijua hilo hata kama hakupenda kulisikia.

* * *

Jioni ile mvua ilinyesha tangu saa za alasiri. Mama Kasuku alirudi amelowa mpaka kwenye mifupa, gunia kichwani, na hasira.

"Wamepulizia dawa reli nzima," alisema, akilimwaga gunia. "Majani yamenyauka kama yamechomwa maji moto. Nimekwenda mpaka kule kwenye malisho, nyuma ya shamba la ngano. Yamejaa kule, Mama, nimechuma mikono miwili mpaka giza likanikuta."

Bibi alilidaka neno malisho. Shemeji anapenda malisho. Siku za nyuma angesema, "Kule angalia," na Mama Kasuku angecheka na kusema, "Ndiyo maana wewe upo." Siku za nyuma Mama Kasuku mwenyewe alikuwa akiangalia shina kabla ya kuchuma; mwaka wa kwanza hakuvuta jani bila kuligeuza. Lakini mtu akiwa na mlinzi hafungi mlango. Aliizoea pua ya Bibi mpaka macho yake yakaacha kazi.

Bibi akakaa chini. Akachukua fungu, akasugua, akalipeleka puani, akavuta. Baridi ya maji, basi. Alikuwa na ujanja wake wa siku hizi: wakati pua inafanya maonyesho, kidole gumba kilikuwa kinapapasa shina chini kutafuta vile vinywele. Wiki mbili ujanja huo ulimtunzia heshima. Lakini jioni ile majani yalikuwa yameloa, vinywele vimelala, na kila shina lilikuwa laini chini ya kidole kilichokuwa na sugu za miaka. Fungu la kwanza alisita. Mkamwana akamtazama.

"Vipi, Mama?"

"Safi," Bibi alisema.

Baada ya hapo ikawa rahisi, kama uongo wowote ule. Safi, safi, safi. Akapeleka mafungu mawili kushoto kwa kubahatisha, ili kushoto nako kusibaki patupu. Kasuku, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka na daftari lake la shule, alimwangalia bibi yake kwa muda mrefu bila kusema neno. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, lakini watu wazima walishukuru tu ule ukimya.

* * *

Asubuhi Fundi alimkuta mkewe anafunga gunia mlangoni. Alikuwa ameshavaa bwelasuti yake ya kazini, ile yenye matundu madogo ya cheche kifuani.

"Unapeleka leo?"

"Mpishi ameagiza gunia zima."

Fundi akatazama viatu vyake. Gunia lilikuwa linakwenda kantini ya karakana yao, kule walikochomelea mageti na matangi ya maji. Mpishi alikuwa amempata Mama Kasuku sokoni, akazipenda mboga zake kwa kuwa ni kali na wafanyakazi wanakula wali mwingi nazo, na hakujua huyu mama ni mke wa nani. Fundi naye hakumwambia. Wenzake waliziita mboga zile majani ya reli. Walizila wakazisifu, kisha wakauliza ni mwanamke gani mwenye shida kiasi cha kuokota magugu, na Fundi alicheka pamoja nao, kicheko kifupi, na kuongeza wali.

"Upite mlango wa nyuma," alisema.

"Napita nyuma siku zote."

"Na ukinikuta…"

"Nikikukuta hatujuani, Baba Kasuku. Ulishaniambia. Sijasahau." Alijitwika gunia kichwani bila kusaidiwa. Lilimuuma lile neno, lilimuuma kila alipolisikia, lakini alikuwa ameamua zamani kwamba maumivu mengine mtu anayabeba huku anatembea.

Alipeleka, akamkabidhi Mpishi, akaambiwa malipo ni baada ya chakula kama kawaida, akarudi. Mambo yangeishia hapo. Lakini siku ile shule ilikuwa imefungwa, na Kasuku alikuwa nyumbani.

* * *

Alimkuta mtoto jikoni, anakwangua maharage yaliyoungua kwenye sufuria.

"Umeyaacha yakaungua, wewe?"

"Si mimi. Ni Bibi. Alikaa hapohapo karibu nayo, moshi unatoka, yeye anashona. Mimi nilikuwa nje, nimesikia harufu kutoka barabarani."

"Bibi amechoka."

"Hajachoka. Bibi hasikii harufu." Kasuku aliendelea kukwangua. "Nimemjaribu. Jumatatu niliweka soksi za baba chini ya mto wake, zile za kazini. Akalala mpaka asubuhi. Jumanne nikamenya kitunguu nyuma ya kichwa chake. Hata hakugeuka. Sasa jana anasema safi, safi, nikajiuliza, safi anaijuaje?"

Kwenye beseni kulikuwa na mboga za nyumbani, zile zilizobaki upande wa kulia usiku, sasa zimekauka. Mama Kasuku akachukua jani, akalisugua, akanusa, macho yakamlengalenga. Haradali. Akachukua lingine. Haradali. La tatu lilikuwa laini. Alisugua, akanusa, na uso wake ukageuka wenyewe. Akalitazama shina: jekundu kwa chini. Akaanza kuvuruga beseni kwa mikono miwili. Mashemeji hawakuwa wengi, lakini walikuwapo, wanne, watano, wamejipanga na wenzao bila wasiwasi wowote.

Akatoka na jani mkononi. Bibi alikuwa kwenye kiti kimoja cha maana walichokuwa nacho, anashona kifungo. Mama Kasuku akampelekea lile jani mpaka puani.

"Mama. Hili ni nini?"

Bibi akavuta pumzi. Kisha akaliangalia jani, akaona wekundu, na uso wake ukazeeka palepale.

"Shemeji," alisema.

"Imekwambia pua au macho?"

Bibi akaweka sindano chini. "Macho."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Ukanyamaza. Mama, ukanyamaza." Hakupaza sauti, na Bibi angependa apaze. "Nimewapelekea watu gunia zima. Ulisema safi."

"Kila siku nilitaka kukwambia. Nikifungua mdomo nakiona kile chumba cha dirisha. Nikawaza vidole vitatosha. Jana majani yalikuwa na maji, mwanangu. Vinywele vilikuwa vimelala." Akashika pindo la kanga yake, kisha akaliachia. "Watakula saa ngapi?"

"King'ora cha saa sita."

"Basi unaongea na mimi kwa nini?"

* * *

Njiani Mama Kasuku alikuwa nusu anatembea nusu anakimbia, na kichwa chake kilikwenda mbio kuliko miguu. Shetani wa mtu hukaa karibu na akili yake, na wake aliongea naye kwa upole. Nani atajua? Shemeji hamwangushi mtu kwa sahani moja. Majani machache ndani ya sufuria la watu arobaini. Watakula, watapangusa midomo, watarudi kazini. Hakuna atakayeshika tumbo leo wala kesho. Ukienda kusema, unapoteza kantini, unapoteza kodi, unamwaibisha mumeo. Ukinyamaza, jioni unalipwa.

Aliogopa kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli. Akasimama hata, pale kwenye kona ya duka la vipuri, akishika kiuno kana kwamba ni kichomi. Kisha akawaza: na kesho? Kesho akipeleka tena, na keshokutwa, nani atakayemwambia acha? Sumu isiyo na haraka ndiyo inayohitaji mtu wa kuikimbilia. Na kati ya watu arobaini wale mmoja alikuwa analala kitandani kwake. Akakaza kanga, akaenda.

King'ora kililia akiwa getini. Alipofika kantini foleni ilikuwa imekwishapangwa, sahani za bati mikononi, watu wananuka chuma na jasho. Safari hii alipita mlango wa mbele, kwa kuwa wa nyuma ulikuwa mbali. Mpishi alikuwa ameshika upawa. Sufuria la mboga lilikuwa wazi mbele yake, linatoa mvuke.

"Usipakue," Mama Kasuku alisema. Pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Mboga zile usipakue. Kuna majani mabaya yamechanganyika."

Mpishi alikuwa mtu mnene, mwenye subira ya kibiashara. Akamtazama, akatazama foleni. "Mama, malipo ni baada ya chakula. Nilikwambia."

"Sikufuata malipo. Nimekosea kuchagua. Mwaga."

"Nimwage sufuria zima?" Mpishi akacheka kidogo ili foleni nayo icheke, nayo ikacheka. "Asubuhi unaniletea, mchana unaniambia mwaga. Nani amekutuma? Wale wauza kabichi?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mtu akila atapatwa na nini?"

Hapa angeweza kudanganya. Angesema watakufa, na wote wangekimbia. Lakini uongo ulikuwa umetosha wiki ile. "Leo hatapatwa na kitu," alisema. "Wala kesho. Hayo majani hayana haraka. Yanakula ini, polepole, na mtu hajui yalianzia wapi."

"Kwa hiyo hakuna atakayeanguka."

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja kusema, kwa sababu yenyewe hayatasema."

"Jamani," Mpishi aliwaambia watu wa foleni, "mmesikia. Hakuna atakayeanguka." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema yeye ini lake alishaliuza kwenye pombe zamani, wamwekee tu. Mwingine akasema majani ya reli sasa yameanza kuwa na madaraja kama mabehewa. Msimamizi wa karakana akachungulia kutoka ofisini kwake, akauliza kelele za nini, akajibiwa ni mama wa mboga amechanganyikiwa. "Mtoeni nje, watu wana nusu saa tu," alisema, akarudisha kichwa ndani.

Fundi alikuwa wa sita kwenye foleni. Miwani yake ya kuchomelea ilikuwa juu ya paji la uso na sahani ilikuwa tupu mkononi. Tangu mkewe aingie alikuwa anaitazama ile sahani. Akangojea mkewe amwite. Alijua akimwita tu, Baba Kasuku, nisaidie, basi yote yangetoka nje na yasingekuwa makosa yake. Lakini Mama Kasuku hakumwita. Alisimama pale na kanga iliyochafuka tope, anachekwa na watu arobaini, anageuza macho huku na huku kutafuta mtu wa kumwamini, na kila macho yake yalipofika kwa wa sita yaliruka yakaenda kwa wa saba. Alikuwa anatunza ahadi. Hata hapo, hata kwa jambo kama lile, hatujuani ilikuwa hatujuani.

Mpishi akachovya upawa. Wa kwanza akanyoosha sahani.

"Usimwekee," Fundi alisema.

Hakusema kwa nguvu. Mpishi hakusikia. Fundi akatoka kwenye foleni, akaenda mpaka mbele, akaweka sahani yake kifudifudi juu ya meza.

"Usimwekee. Huyu ni mke wangu."

Mtu akasema, "Kumbe." Mwingine akarudia, "Kumbe, Fundi."

"Hizi mboga tunazokula hapa tangu mvua zianze ni za kwake. Na nyumbani tunakula hizohizo, na mama yangu anakula, na mtoto wangu anakula. Akisema tule, tunakula. Akisema tusile, mimi sili." Akaisukumia sahani mbali naye. "Na ninyi mtaamua."

Wa kwanza kwenye foleni alirudisha sahani yake taratibu. Alikuwa kijeba mmoja anayeogopa sana magonjwa. Nyuma yake mwingine akasema basi wali na maharage yanatosha, kwani mtu atakufa kwa kukosa majani siku moja? Foleni ikaanza kuhama kutoka kwenye sufuria lile kama maji yanayokwepa jiwe. Mpishi akalitazama, akamtazama Mama Kasuku, na subira yake ikaisha.

"Utamwaga mwenyewe," alisema. "Shimo liko nyuma. Na usirudi hapa tena, wewe wala gunia lako."

Walilibeba wawili, mume sikio moja na mke sikio la pili. Lilikuwa la moto na hawakuwa na tambara. Walipoinamisha shimoni, mvuke ukawapanda usoni. Nyuma yao, dirishani, mtu aliita, "Bwana Majani, ukimaliza uje uchomelee geti," na Fundi akajua jina hilo litamfuata mpaka atakapostaafu.

* * *

Jioni walirudi pamoja, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu kabla Kasuku hajazaliwa. Mama Kasuku alikuwa amemngoja getini. Walikuwa wamekwishapita duka la vipuri.

"Nani aliyekosea?" Fundi aliuliza.

"Mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikachuma kwa haraka."

"Na Mama? Si ananusa?"

"Jana sikumpa yote. Alikuwa amechoka."

Fundi akatembea hatua kadhaa. "Basi sasa hata hiyo kazi hakuna tena. Kantini imekwenda. Dada alipiga simu juzi, anasema Jumapili gari la mume wake linapita huku." Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga vyombo. Mama Kasuku akang'amua kwamba uongo wake wa kumfunika Bibi umemfunulia mlango wa kutokea, na akatafuta neno la kuuziba asilipate. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema; hawakusema mfichaji wa maradhi ya mwenzake humtokea nini.

Walimkuta Bibi amesimama katikati ya sebule, amevaa kanga yake ya kutokea. Juu ya kile kiti kimoja kulikuwa na furushi lake, limefungwa mafundo mawili. Kasuku alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha juu ya kiti kulizuia lile furushi, analia bila sauti, na hakuna aliyewahi kumwona Kasuku akifanya kitu bila sauti.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Usiniulize, nisikilize. Mkeo amekwambia nini njiani?"

Fundi akamwangalia mkewe. "Kwamba alikosea yeye."

"Nilijua. Ana roho nzuri, na roho nzuri inadanganya kuliko mbaya." Bibi akaketi juu ya turubai, magoti yakilia, akajivutia lile beseni. "Alinipa gunia zima. Nikalipitisha lote. Pua yangu imekufa, mwanangu. Sisikii chai, sisikii moshi, soksi zako zimelala na mimi kitandani usiku kucha, sikujua mpaka leo huyu aliponiambia. Nikasema safi kwa sababu sikutaka kwenda kukaa kama sanduku. Nikaweka tumbo lako rehani kwa ajili ya godoro langu. Nimeona haya tangu asubuhi, na haya yenyewe hainishiki tu, inanipiga."

Fundi alivua miwani yake ya kazini kutoka kwenye paji la uso, ambako alikuwa ameisahau tangu alipotoka kazini. Ilikuwa imemwachia alama mbili nyekundu.

"Njoo," Bibi akasema.

"Mama…"

"Njoo hapa. Inama." Akachukua jani kutoka beseni, akalisugua, akampelekea puani. "Nusa."

Fundi akanusa, akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamjaa. "Kali. Inapanda mpaka machoni."

"Haradali. Na hili?"

Akanusa. Uso ukageuka. "Hili… kama nguo iliyokaa na maji. Kama mkojo wa paka."

Kasuku akacheka katikati ya kilio chake, akapenga kamasi.

"Shemeji huyo. Pua unayo, tena nzuri, wala hukuwahi kuitumia zaidi ya kunusa pesa." Bibi akavichanganya vijani mkononi. "Mkeo anajua kuyaona, ila amezoea kuegemea. Akiacha kuegemea yatarudi, macho hayafi kwa uvivu. Mimi najua majani yanaota wapi na lini. Pua ndiyo iliyopungua katika nyumba hii. Kantini si mlango pekee, sokoni watu wapo. Mkitaka, mkeo atazame, wewe unuse, mimi niwasimamie mpaka siku nitakapokwenda, Jumapili au siku nyingine. Msipotaka, gari likija nitapanda. Nimemaliza."

Mama Kasuku hakusema lile neno lake la kila mwezi. Lilikuwa ulimini, lakini aliona kwamba leo si zamu yake kulisema.

Fundi alikuwa bado ameinama. Mgongo ulimuuma, alikuwa amechomelea geti kwa kuinama tangu asubuhi na watu walikuwa wamemwita Bwana Majani mara nyingi zaidi ya alivyoweza kuhesabu. Akatafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja, na juu yake kulikuwa na furushi. Akalitazama. Akamwambia Kasuku aondoe miguu, akalibeba lile furushi kwa mikono miwili, akalipeleka chumbani kwa mama yake, wakamsikia akiliweka juu ya kitanda. Akarudi, akakisogeza kiti mpaka kwenye turubai, akaketi.

"Lete," alisema.

Bibi akasugua jani, akalinyoosha. Fundi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Haradali."

Mama Kasuku akaligeuza shina mwangani, akaona wekundu, akatikisa kichwa.

"Umekosea," Bibi alisema. "Rudia."